Taa ya mfuko wa hewa katika gari la zamani: maana yake, namna ya kuipima na tahadhari za kuchukua

MAKUNDUCHI, Kusini Unguja – Taa ndogo yenye picha ya mtu aliyekaa na duara mbele yake, au yenye herufi SRS, ikibaki kuwaka kwenye dashibodi baada ya gari kuwashwa, ina maana moja: gari lenyewe limebaini hitilafu katika mfumo wa mifuko ya hewa, na mfumo huo huenda usifanye kazi siku ya ajali. Pamoja na hitilafu hiyo, gari litaendelea kwenda, kukata kona na kufunga breki kama kawaida. Kwa sababu hiyo taa hii hupuuzwa na madereva wengi kuliko ile ya joto la injini au ya oili.

Makala haya yanawalenga wananchi wa Makunduchi, shehia nyengine za Wilaya ya Kusini na Unguja kwa jumla, ambako magari mengi yaliyopo barabarani yaliletwa yakiwa yameshatumika Japan kwa miaka kadhaa. Safari ya kutoka Makunduchi hadi Mjini kupitia Kitogani, Pete na Tunguu ni ya kiasi cha kilomita 65, na sehemu kubwa ya barabara hiyo ni ya lami iliyonyooka inayowavutia madereva kwenda mbio. Hospitali ya Rufaa ya Mnazi Mmoja iko mwisho wa safari hiyo. Kinga iliyomo ndani ya gari, yaani mkanda na mfuko wa hewa, ndiyo msaada wa kwanza anaoupata abiria kabla mtu yeyote hajafika kumsaidia.

Mfumo unavyofanya kazi

Mfuko wa hewa, ambao mafundi wengi huuita eabegi, ni sehemu ya mfumo wa ziada wa kumlinda abiria. Neno "ziada" lina uzito wake. Mfuko huo umetengenezwa kumsaidia mtu aliyefunga mkanda. Asiyefunga mkanda hurushwa mbele na kukutana na mfuko ukiwa bado unafumuka kwa nguvu, na unaweza kumjeruhi vibaya badala ya kumlinda.

Mfumo una sehemu kuu tano. Kwanza ni vihisi vinavyotambua kishindo cha ajali. Pili ni kompyuta ya mfumo, ambayo katika magari mengi imefungwa sakafuni katikati ya gari, karibu na mkono wa gia. Tatu ni mifuko yenyewe: wa dereva ndani ya usukani, wa abiria wa mbele juu ya dashibodi, na katika baadhi ya magari mengine ubavuni mwa viti na juu ya milango. Nne ni vikaza mikanda, ambavyo huuvuta mkanda kwa ghafla wakati wa ajali ili mwili usisogee mbele. Tano ni nyaya na soketi zinazounganisha sehemu hizo. Kwa kawaida soketi hizo huwa za rangi ya manjano, ili kila anayefungua gari ajue kwamba amegusa mfumo wa hatari.

Kishindo kikubwa kinapotokea, kompyuta hupeleka umeme mdogo kwenye kiwashio kilichomo ndani ya mfuko. Kiwashio huunguza kemikali, gesi hutoka, na mfuko hujaa kwa muda usiofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Baada ya hapo mfuko hunywea. Hutumika mara moja tu.

Kwa kuwa kazi hiyo haina nafasi ya kurudiwa, kompyuta hujipima kila gari linapowashwa. Hupima ukinzani wa umeme wa kila kiwashio na kila waya. Kiwashio kizima huwa na ukinzani mdogo sana, wa omu 2 hadi 3 tu. Kutu kidogo kwenye pini ya soketi, au waya uliosokotwa kwa mkono, inatosha kuubadilisha ukinzani huo, na kompyuta ikawasha taa. Katika hali hiyo mfumo wote au sehemu yake unaweza kujifungia usifanye kazi.

Kuisoma taa kabla ya kwenda kwa fundi

Mmiliki anaweza kufanya uchunguzi wa mwanzo bila ya kufungua chochote. Akae kwenye kiti, ageuze ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake bila ya kuwasha injini, kisha ahesabu. Katika magari mengi ya Japan taa ya mfuko wa hewa huwaka kwa sekunde 6 au 7, halafu huzima yenyewe. Hiyo ndiyo hali ya kawaida. Hali nyengine ni hizi zifuatazo.

Taa inawaka na haizimi. Kuna hitilafu ambayo kompyuta inaiona wakati huo huo. Gari lipelekwe kupimwa mapema.

Taa inazima, kisha inawaka tena njiani. Mara nyingi hii ni dalili ya soketi iliyolegea au waya unaogusa na kuachia. Dereva aandike ilipowaka: wakati wa kukata kona, baada ya kusogeza kiti, baada ya mvua, au gari lilipopita kwenye makorongo. Maelezo hayo humsaidia sana fundi.

Taa inawaka na kuzima kwa mpigo. Kwa baadhi ya magari, yakiwemo mengi ya Nissan, kumetameta kwa taa ni namna ya mfumo kutangaza hitilafu. Isidhaniwe kuwa ni taa mbovu.

Taa haiwaki kabisa, hata kwa sekunde moja. Hii ndiyo hali ya kutiliwa shaka zaidi. Balbu imeungua, au kuna mtu aliyeitoa, kuikata waya, au kuibandika gundi nyeusi ili hitilafu isionekane.

Taa inazima sambamba na taa nyengine. Ikiwa taa ya mfuko wa hewa huwaka na kuzima pamoja kabisa na taa ya oili au ya betri injini inapowaka, huenda waya wake umeunganishwa na taa hiyo ili kuwahadaa wanunuzi. Taa halali hufuata hesabu yake yenyewe na haingoji injini iwake.

Sababu za kawaida

Betri dhaifu. Umeme unaposhuka sana, hasa gari linapokaa siku nyingi bila ya kuwashwa au linapowashwa kwa kuunganishwa na betri ya gari jengine, taa inaweza kuwaka. Katika magari mengi ya Toyota hitilafu ya aina hii huondoka wakati umeme unaporudi katika kiwango chake. Kwa hiyo betri na vichwa vyake ndivyo vya kuangaliwa mwanzo. Betri nzima iliyopumzika huwa na kiasi cha volti 12.6, na injini ikiwaka umeme hupanda hadi kati ya volti 13.5 na 14.5.

Soketi za chini ya viti vya mbele. Humo hupita nyaya za vikaza mikanda, za kihisi cha mkanda na, katika baadhi ya magari, za mfuko wa ubavuni. Kiti kinaposogezwa mbele na nyuma kwa miaka 15 au 20, nyaya hunyooka na soketi hulegea. Chupa ya maji, kiatu cha mtoto au spana iliyosahauliwa chini ya kiti hutosha kuivuta soketi. Uoshaji wa gari kwa maji mengi ndani nao huleta kutu.

Utepe wa waya ulio nyuma ya usukani. Kwa kuwa usukani huzunguka, waya wa mfuko wa dereva hupita kwenye utepe mwembamba unaojiviringa na kujikunjua ndani ya kisanduku cha duara. Utepe huo huchoka na kukatika. Dalili yake inayojulikana ni honi kukataa kulia, au vitufe vya usukani kuacha kufanya kazi, katika wakati huo huo ambao taa ya mfuko wa hewa imewaka. Utepe huo hukatika pia fundi anapofungua mitambo ya chini ya usukani na kuuacha usukani uzunguke ovyo, au anapourudisha bila ya kuuweka katikati. Kama taa imewaka mara tu baada ya matengenezo ya usukani, hapo ndipo pa kuanzia.

Maji na chumvi. Sababu hii ina uzito maalumu kwa wakaazi wa ukanda wa bahari. Hewa ya pwani hubeba chumvi, na chumvi huharakisha kutu kwenye pini za shaba na kwenye vihisi vya mbele vilivyofungwa karibu na rejeta au nyuma ya bampa. Magunia ya mwani mbichi na ndoo za samaki hudondosha maji ya bahari juu ya zulia la gari. Maji hayo hutiririka hadi chini ya viti na katikati ya sakafu, mahali zilipo soketi na kompyuta ya mfumo. Zulia huonekana kukauka kwa juu huku sifongo ya chini imebaki mbichi kwa wiki nzima. Wakati wa mvua za masika, gari lililopita kwenye maji yaliyoingia hadi ndani linapaswa kukaguliwa hata kama taa haijawaka.

Ajali ya zamani. Gari huenda liligongwa kabla ya kuletwa nchini au baada ya kufika. Mfuko ukishafumuka lazima ubadilishwe, pamoja na vikaza mikanda vilivyofanya kazi. Katika magari mengi kompyuta ya mfumo nayo huhifadhi kumbukumbu ya ajali, na haitaizima taa mpaka ibadilishwe au itengenezwe na mtaalamu mwenye vifaa.

Hatua za upimaji kwa fundi

Kazi hii ni ya fundi wa umeme wa magari aliyefundishwa kuhusu mfumo huu. Mmiliki anapaswa kuzijua hatua zake ili atambue iwapo gari lake linapimwa au linabahatishiwa.

Hatua ya kwanza ni kusoma msimbo wa hitilafu. Mashine ndogo za bei nafuu husoma injini peke yake, na nyingi haziufikii mfumo wa mifuko ya hewa. Mashine inayofaa ni ile inayofungua mfumo huo na kuonyesha misimbo inayoanza na herufi B. Kwa mfano, katika magari mengi ya Toyota ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, msimbo B0100 huashiria nyaya za mfuko wa dereva zimegusana, na B0101 huashiria zimekatika mahali. Baadhi ya magari ya umri huo huweza pia kutoa msimbo kwa mipigo ya taa yenyewe, pale fundi anapounganisha matundu mawili maalumu ya soketi ya kupimia. Mipigo ya kumi huja kwanza, kisha kituo kifupi, kisha mipigo ya moja. Asiyeyajua matundu hayo kwa hakika asijaribu, kwani kuunganisha yasiyo sahihi huunguza vifaa.

Msimbo hauelezi kipuri cha kununua. Hueleza njia ya umeme yenye tatizo. Msimbo wa mfuko wa dereva unaweza kutoka kwenye mfuko wenyewe, kwenye utepe wa usukani, kwenye soketi au kwenye waya ulio kati yake. Fundi anayesoma msimbo na papo hapo kumtuma mteja akanunue mfuko hajamaliza kupima.

Hatua ya pili ni kuondoa umeme. Swichi izimwe, ufunguo utolewe, na waya hasi wa betri ufunguliwe. Kompyuta ya mfumo huhifadhi umeme wa akiba ili mifuko ifumuke hata betri ikikatika kwenye ajali, kwa hiyo lazima kusubiri. Toyota huelekeza kusubiri angalau sekunde 90, na Nissan na Honda angalau dakika 3. Kitabu cha gari kikitaka muda mrefu zaidi, kifuatwe.

Hatua ya tatu ni kukagua kwa macho. Soketi za manjano zinazohusika na msimbo hufunguliwa moja baada ya nyengine, zikaangaliwa kama zina kutu ya kijani, pini iliyopinda, au waya uliotafunwa na panya. Sehemu kubwa ya hitilafu za magari ya zamani hugunduliwa katika hatua hii, kwa gharama ndogo.

Hatua ya nne ni kutenganisha. Fundi huutoa mfuko anaoushuku na kuweka mahali pake kifaa cha kupimia chenye ukinzani wa kiasi cha omu 2, kisha huunganisha betri na kusoma tena. Msimbo ukiondoka, kasoro imo ndani ya mfuko. Ukibaki, kasoro imo kwenye waya, utepe au kompyuta. Kwa njia hiyo hakuna kipuri kinachonunuliwa kwa kubahatisha.

Hatua ya tano ni kufuta msimbo na kujaribu. Usukani uzungushwe wote kulia na wote kushoto, viti visogezwe, mikanda ifungwe na kufunguliwa, na gari litembezwe. Taa ikifuata hesabu yake ya sekunde chache na kuzima kila mara, kazi imekamilika. Kufuta msimbo bila ya kurekebisha chanzo chake hakufai kitu, kwa sababu taa itarudi.

Mambo yasiyofaa kufanywa

Kiwashio cha mfuko wa hewa kisipimwe kwa maltimita wala kwa taa ya majaribio. Umeme mdogo unaotoka kwenye kipimo hicho unaweza kukifyatua. Mfuko uliotolewa uwekwe juu ya meza uso wake ukielekea juu, ili ukifyatuka usiruke. Usibebwe ukielekezwa kifuani, usianikwe karibu na moto na usigongwe. Nyaya za mfumo zisisokotwe kwa mkono wala kuungwa kwa gundi, kwani kiungo cha namna hiyo huongeza ukinzani na ndicho kinachoweza kuiwasha taa upya.

Jambo baya kuliko yote ni kuficha hitilafu. Wapo mafundi wanaofunga rezista ya omu 2 kwenye soketi ya mfuko, wakalirudisha pambo la usukani na kumkabidhi mteja gari ambalo taa yake imezima. Kompyuta huamini kuwa mfuko upo. Kifaa kile kile kinachotumika kwa dakika chache kupima kikiachwa ndani ya gari kinakuwa uongo wa kudumu, na atakayeugundua ni dereva au abiria siku ya ajali. Hali ni hiyo hiyo kwa kutoa balbu, kukata waya wa taa au kubandika gundi juu yake. Gari lenye taa inayowaka lina salama zaidi kuliko hilo, kwa sababu angalau mwenyewe anajua kuwa kinga yake ina kasoro.

Nchini Japan, ambako magari mengi yetu yametoka, suala hili lina sheria kali. Tangu Februari 2017, gari ambalo taa yake ya mfuko wa hewa inawaka au kumetameta halipokelewi hata kuanza ukaguzi wa lazima wa nchi hiyo. Mmiliki hutakiwa kulitengeneza kwanza.

Taa iliyozima si ushahidi wa kila kitu

Ipo kasoro moja kubwa ambayo taa hii haiwezi kuionyesha. Kampuni ya Takata ya Japan iliviuzia viwanda vingi vya magari vifaa vya kujazia mifuko vilivyotumia kemikali ya amonia naitreti. Ilibainika kuwa kemikali hiyo huharibika inapokaa miaka mingi katika joto linalopanda na kushuka pamoja na unyevunyevu wa hewa. Ikishaharibika, huungua kwa nguvu kupita kiasi, huipasua bweta ya chuma iliyoihifadhi, na vipande vya chuma hurushwa kwa waliomo ndani ya gari. Marekani peke yake ilitangaza kurejeshwa kwa mifuko ipatayo milioni 67, na zaidi ya watu 20 wamethibitika kufariki nchini humo kutokana na kasoro hiyo. Takata iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwezi Juni 2017.

Habari hii inatuhusu moja kwa moja. Katika urejeshaji huo, Marekani ilitoa kipaumbele kwa maeneo yenye joto na unyevu kama Florida na Hawaii. Malaysia, nchi ya joto na mvua nyingi iliyo karibu na ikweta kama ilivyo Zanzibar, ilipata kifo cha kwanza kilichohusishwa na mifuko hiyo mwaka 2014. Honda Fit, Toyota Corolla, Toyota Vitz, Toyota RAV4 na Nissan X-Trail za miaka ya 2000 ni miongoni mwa majina ambayo baadhi ya matoleo yake yaliitwa na viwanda kwa marekebisho. Japan nayo, kuanzia Mei 2018, ilisimamisha kutoa idhini ya ukaguzi kwa magari yaliyokuwa hatarini zaidi ambayo hayajarekebishwa.

Kifaa cha Takata kilichoharibika kina kiwashio kizima na nyaya nzima. Kompyuta hukiona kuwa sawa, na taa huzima kama kawaida. Njia ya kujua ni kutumia namba ya chesesi ya gari. Kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japan, namba hiyo huwa na herufi na tarakimu zenye kistari katikati, na hupatikana kwenye kibati kilichopo ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, pamoja na kadi ya gari. Viwanda vikubwa vya Japan vina kurasa za intaneti ambazo mtu huandika namba hiyo na kuonyeshwa kama gari limeitwa na kama limerekebishwa. Wakala rasmi wa kiwanda anaweza pia kusaidia. Barua ya wito ilipelekwa kwa mmiliki aliyekuwepo Japan wakati ule. Aliyelinunua gari baada ya kusafirishwa hawezi kuitarajia barua hiyo, hivyo ni wajibu wake kuuliza mwenyewe.

Kwa anayenunua gari lililotumika

Mnunuzi afanye mambo matano kabla ya kulipa. Ageuze ufunguo na kuhesabu sekunde za taa, akihakikisha kwamba inawaka na inazima yenyewe. Aangalie pambo la usukani na sehemu ya juu ya dashibodi upande wa abiria kama zina nyufa, gundi au rangi tofauti, dalili kwamba mfuko uliwahi kufumuka. Auvute mkanda wote hadi mwisho na kuuachia; mkanda uliokwama au usiorudi unaweza kuwa umekwishakazwa na ajali. Alinyanyue zulia la mbele na kunusa harufu ya uvundo, kisha atazame alama za tope au chumvi. Mwisho, adai gari lisomwe kwa mashine inayofika kwenye mfumo wa mifuko ya hewa, na aichunguze namba ya chesesi.

Wakati wa kusubiri matengenezo

Gari lenye taa inayowaka lichukuliwe kuwa halina mfuko wa hewa. Mkanda ufungwe na kila abiria, wa mbele na wa nyuma, na mwendo upunguzwe. Watoto wa umri wa miaka 12 na chini yake wakae viti vya nyuma. Kiti cha mtoto mchanga kinachoelekea nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa, taa ikiwa imewaka au imezima, kwa sababu mfumo wenye hitilafu hautabiriki.

Dereva akae umbali usiopungua sentimita 25 kati ya kifua chake na katikati ya usukani. Juu ya dashibodi upande wa abiria kusiwekwe vitambaa vya manyoya, mapambo ya kubandika, simu wala chupa za manukato, kwani mfuko ukifumuka huvirusha usoni. Abiria wa mbele asiweke miguu juu ya dashibodi.

Wamiliki wa gari za abiria na wanaosafirisha wageni kwenda Kizimkazi, Jambiani na Paje wana wajibu mkubwa zaidi, kwa kuwa anayekaa kiti cha mbele hana namna ya kujua historia ya gari alilopanda.

Pa kuuliza na pa kulalamika

Kwa masuala ya ukaguzi na ubora wa vyombo vya moto, wananchi wanashauriwa kuwasiliana na Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani Zanzibar. Masuala ya viwango vya bidhaa zinazoingizwa nchini yapo chini ya Taasisi ya Viwango Zanzibar. Mnunuzi anayeamini kuwa ameuziwa gari ambalo hitilafu yake ilifichwa anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, akiwa na risiti, mkataba wa mauziano na taarifa ya fundi iliyoandikwa. Ni vyema kila matengenezo ya mfumo huu yaandikwe kwenye karatasi: msimbo uliosomwa, kipuri kilichobadilishwa na tarehe.

Kila mwezi wa Julai, Makunduchi hupokea wageni wengi wanaohudhuria Mwaka Kogwa, na barabara ya Kusini hujaa magari kutoka Mjini na mikoa yote. Wenye magari wanahimizwa kuyapima mapema kabla ya msururu huo, baada ya mvua za masika kumalizika. Kuhesabu sekunde za taa hakuna malipo, na kila dereva anaweza kufanya hivyo leo kabla ya kuondoa gari.